Mwili wa Mama si Cheti cha Kapinga

Kolwezi, Jumatatu 5 Aprili 1993

"Mama mwenye kukonda ni mama wa batoto babaya." Maneno ya mdogo wangu Kapinga, jana, mbele ya wanawake wote wa kwaya. Uongo. Mama aliyenenepa kupita kiasi ana watoto wanaoogopa majirani kuliko wanavyoogopa kaburi. Nilitaka kumjibu hivyo pale pale. Nikameza. Hapa daftarini hakuna wa kunikatiza.

Asubuhi kama kila asubuhi. Maji ya moto, miguu ya Mama ndani ya beseni. Imevimba, ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Kidonge cha tension, yaani presha, kidonge cha sukari, uji usiotiwa sukari. Akanuna. Ana miaka sitini na tisa, na mizani ya dispanseri ilifika mwisho kabla hajatulia juu yake. Mwuguzi alisema wazi: uzito huu unauchosha moyo, unamaliza magoti, unapandisha sukari ndani ya damu. Apunguze sasa, au mtambeba. Mimi nilikuwa pale. Kapinga hakuwepo. Siku ya habari mbaya hayupo kamwe.

Jumatano 7 Aprili

Kapinga amekuja na bitumbula, vitumbua vyake, sahani nzima, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Na chai yake nzito kama asali. Mama alicheka. Kicheko hicho sijakisikia nyumbani kwangu tangu Noeli.

Kapinga amerithi jina la bibi yetu mzaa mama, kwa hiyo Mama anamwita "mama". Ndiyo desturi yetu. Mimi ananiita Ntumba tu.

Nina wivu. Nina miaka arobaini na saba, nafundisha Kifaransa, nimejibizana kwa kalamu na mapadri na mawakili katika jarida la parokia na sikushindwa. Nina wivu kwa ajili ya chai.

Jumapili 11 Aprili. Pasaka

Baada ya misa wanawake walimzunguka Mama, wakamshika mikono. "Mama, mwili iko muzuri. Kapinga anakuchunga." Kapinga akainamisha macho kama bibi harusi. Mgongo unaouma ni wangu, mimi ninayemwinua kitandani. Niliwaambia unene huo ni ugonjwa, nikawaeleza moyo, magoti, sukari, yote. Mmoja akasema, "Weye mwalimu, unakauka juu ya bitabu, sasa unataka na mama akauke." Wakacheka. Mama naye akacheka.

Hoja yao naielewa. Sisi wenye asili ya Kasai tunafukuzwa Katanga. Waliokwisha kutolewa nyumbani wamelala stesheni, wamekonda. Mama mnene maana yake nyumba bado imesimama. Ni cheti, na jina lililoandikwa juu yake ni la Kapinga. Naielewa hoja. Bado ni mbovu.

Jumatatu 19 Aprili

Zamu imetufikia. Mume wangu Kalala amefutwa kazi mgodini. Shuleni jina langu limekatwa kwa wino mwekundu. Vijana wameandika mlangoni kwamba tuondoke wiki hii. Wametuita bilulu, wadudu. Mmoja wao nilimfundisha kuandika.

Kapinga anabaki. Mume wake ni mtu wa hapa. Anataka Mama abaki kwake. Nilimwambia atamuua kwa kijiko kabla ya mwaka kwisha. Akasema safari itamuua kabla ya mwezi kwisha. Siku nzima tulibishana. Mama yuko kati yetu, mikono juu ya magoti.

Alhamisi 22 Aprili

Nilishinda. Kwa maneno, kama kawaida yangu. Nilimwambia Mama jinsi ndugu za mume wa Kapinga watakavyomtazama kila akinyoosha mkono kwenye bukari, ugali wao. Akasema, "Basi, nitaenda na Ntumba." Alisema bila kuniangalia. Sikujali. Alinichagua.

Tulimsukuma hadi stesheni kwa toroli ya mahindi, wanaume watatu wakipokezana. Tuko chini ya turubai. Hakuna anayejua treni itakuja lini.

Jumamosi 24 Aprili

Chakula mara moja kwa siku, kidogo. Nguo ya Mama imeanza kumlegea kiunoni. Nilifurahi. Naandika ukweli: watu wanalia kwa njaa pande zote, na mimi nilifurahi, kwa sababu Kapinga ataona. Vidonge nampa vilevile, idadi ileile, saa ileile. Nidhamu.

Jumatatu 26 Aprili



Asubuhi nilimpa vidonge. Chakula hakikuwepo. Kabla ya saa sita akaanza kutoka jasho la baridi, kutetemeka, kusema ovyo. Akaniuliza mimi ni nani. Nikadhani sukari imepanda. Nilikuwa nimeshika kidonge cha pili.

Kapinga akafika na termosi ya chai yake tamu. Hakunisalimu, aliniita tu dada mkubwa. "Yaya, amekula nini leo?"

Nikasema bado.

"Basi wacha anywe."

Niliziba kikombe kwa kiganja. Kweli nilikiziba. Akauondoa mkono wangu taratibu, kama unavyomwondoa mtoto kwenye moto, akamnywesha Mama. Polepole macho yakarudi. Mama akasema, "Mama." Si kwangu.

Mwuguzi wa misheni alikuja akathibitisha. Kidonge cha sukari juu ya tumbo tupu kinaweza kuishusha sukari mpaka mtu afe. Na mtu akila kidogo, akikonda, vidonge navyo vipimwe upya. Karatasi ya maelezo imo ndani ya boksi. Mimi ninayesoma kila kitu, hiyo sikuisoma.

Kapinga hakujisifu. Angejisifu ningepata pa kumshika.

Jumatano 28 Aprili

Treni imekuja. Mabehewa ya mizigo, sakafu yake inamfikia mtu kifuani, hayana ngazi. Wanaume sita walijaribu kumpandisha Mama. Magoti yakakataa. Alilia kwa maumivu, nguo ikapanda, watu wakatazama. Wakajaribu tena. Mimi ndiye niliyesema waache.

Alirudi na Kapinga, aliyekuja kutuaga, kwa toroli ileile. Nilimpa Kapinga vidonge. Vidole vyangu vilichelewa kuliachia boksi, naye aliona.

Tenke, Alhamisi 29 Aprili

Treni imesimama tangu alfajiri. Mvua kidogo. Kalala amelala. Kwenye nafasi ya Mama tumeweka magunia.

Yuko nyumbani kwa yule aliyeuliza kama amekula. Wivu haujaondoka. Umekaa tu, kama abiria.

Mfanyakazi mmoja wa reli anarudi Kolwezi. Ukurasa huu nitauchana nimpe.

Kapinga, na ninyi mabinti zake wawili mnaojua kusoma. Kidonge cha sukari ni baada ya chakula. Siku asipokula, msimpe, mwiteni mwuguzi. Akitoka jasho la baridi, chai tamu haraka. Siku nyingine zote, chai bila sukari. Bukari nusu ya ile mnayompakulia, mboga zaidi. Atembee hadi mlangoni, asubuhi na jioni, hata akilalamika. Kwaya wakisema amekonda, nyamazeni. Atawanunia. Atasema mnamnyima kwa sababu hammpendi. Mkubali awanunie.