Madigadi ya Dumu

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimefika dukani nikiwa na matope mpaka mgongoni. Mara ya pili. Bi Zuhura, mwenye duka, hakunifokea. Alikitoa mkononi mwangu kitenge nilichotaka kukunja, akanituma nikafagie nje. Amesema ananitazama mpaka Jumamosi. Mwuza vitambaa mchafu hamtaki, kazi atampa binti wa jirani yake hapa hapa Makambako. Kubadili nguo sina pa kubadilia. Duka ni chumba kimoja, na wateja wanatuwahi mlangoni.

Baiskeli ninayokuja nayo yenyewe nzima. Mtumba wa Ulaya, ina gia, milima ya kwetu inaipanda bila kuguna. Ila walioitengeneza walisahau mvua. Haina madigadi ya kuzuia matope, haina keria, haina hata stendi.

Jumanne, 7 Machi
Fundi Mgaya amejaribu kuifungia madigadi ya baiskeli nyeusi za Kichina. Makubwa mno. Keria imekubali, kwa bolti mbili na waya. Eti, "Dada, hii uza tu, ni ya michezo." Nimekasirika. Mimi siendi michezoni, naenda kazini.

Jumatano, 8 Machi
Nimepata akili. Nimepasua dumu la njano la mafuta ya kula, nikakata madigadi mawili kwa kisu cha moto. Nimeyabana karibu kabisa na tairi, kama yanavyokaa kwenye zile nyeusi. Yamependeza. Shemeji hapa nyumbani kacheka mpaka kakaa chini, eti nimeivalisha baiskeli kofia. Acha acheke.

Alhamisi, 9 Machi
Aibu tupu. Mvua imenyesha, na nusu ya njia tu udongo mwekundu ukajaa kati ya tairi na dumu. Gurudumu la mbele likagoma. Nikaenda mtaroni. Tairi za hizi baiskeli zina meno, zinabeba udongo kama jembe. Za nyeusi hazina meno hayo, ndiyo maana zinavumilia kubanwa. Nimeiga bila kufikiri, ujinga wangu mwenyewe.

Nimechelewa, nimechafuka, goti limevimba. Bi Zuhura: "Imebaki Jumamosi." Njiani kurudi nimelia. Kidogo.

Ijumaa, 10 Machi
Jua. Duka likafungwa kwa sala ya Ijumaa, mbio kwa Mgaya. Madigadi nimeyainua vidole vitatu juu ya tairi. Meno ya tairi tumeyapunguza kwa kisu cha kushonea viatu. Mgaya alikataa, anaogopa kuharibu mali ya watu. Nikashika kisu mwenyewe, ndipo akasaidia. Nyuma nimening'iniza kipande cha tyubu kizuie matope ya barabara. Baiskeli sasa ina sura mbaya. Sijali.

Jumamosi, 11 Machi
Mvua tangu alfajiri. Vizuri, nilitaka hiyo hiyo. Matope yalipanda, yakagonga dumu, yakaanguka yenyewe. Sikushuka hata mara moja. Kina mama waendao shamba wakanisalimu, "Kamwene," bila kucheka.

Nimefika mlango haujafunguliwa. Bi Zuhura akanizunguka, akatazama pindo la sketi, akatazama viganja.

Mteja wa kwanza mzee mmoja, amefiwa na mkewe jana. Alitaka bafta nyeupe ya sanda. Bi Zuhura akashusha jora zima, akaliweka mbele yangu.

"Mkatie mzee, mwanangu."

Nimekata. Nimeikunja vizuri, nikampa pole, nikamsindikiza mpaka barazani.