Jibu la Tatu: Haijulikani

Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila chakula hakipiti. Presha imeshuka? Miguu bado inavimba? Nauliza kwa barua kwa sababu kwenye simu nimechoka kuambiwa umelala. Nikipiga asubuhi umelala, mchana umelala, jioni umelala. Wewe ambaye jua halijawahi kukukuta kitandani! Kaka Masatu atakusomea, kama kawaida, maana macho yako na mwandiko wangu havipatani.

Najiandaa na usaili wa kazi ya forodha. Siku hizi wanakupima namna unavyofikiri. Unapewa sentensi mbili na hitimisho, kisha unachagua: kweli, si kweli, au haijulikani. Tunafanya mazoezi kwa Mwalimu Salome, mama mmoja mkali asiyecheka bure.

Alitupa hili: Sangara wote ni samaki. Baadhi ya samaki hukaushwa. Kwa hiyo baadhi ya sangara hukaushwa. Nikaandika kweli bila hata kufikiri, si nimewaona kisiwani Rukuba wameanikwa juani kwa macho yangu? Akanikosesha.

"Haijulikani," akasema. "Hizo sentensi zinasema samaki fulani tu, hazisemi ni sangara. Mambo ya kwenu Musoma yaache Musoma, soma kilichoandikwa."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhitimisha kila kitu, hata mambo ya nyumbani.

Mama, unakumbuka nilipokuwa shule Bunda? Baba mdogo alinifuata akasema, "Twende, baba yako anaumwa kidogo." Nilifika nyumbani Suguti nikakuta turubai limefungwa uani na wanawake wanalia. Kwa bibi ikawa vilevile, "anaumwa kidogo, njoo." Ndivyo tulivyo sisi, hatumwambii mtu msiba akiwa njiani. Basi nikaandika: Wote wanaoitwa kwa "anaumwa kidogo" hukuta msiba. Mimi sijaitwa. Kwa hiyo hakuna msiba.

Maana Masatu hajaniita. Tangu akupeleke hospitali Musoma, anasema tu, "Mama anaendelea vizuri, wala usije. Fanya mtihani wako kwanza, hivyo ndivyo anatakaga mwenyewe." Nilifurahi na hitimisho langu. Nikampelekea Mwalimu Salome nikijifanya ni zoezi la kitabuni.

Aliangalia mara moja tu. "Haijulikani. Umeambiwa anayeitwa hukuta msiba. Hukuambiwa kila msiba mtu huitwa."

Mama, niliogopa. Naogopa hata sasa. Nimeigeuza kila upande, jibu ni lile lile.

Nisalimie mama mdogo wa Mukendo, hapo Musoma mjini, uliyefikia kwake. Zamani alikuwa hakosi kunipigia, sasa hapokei simu yangu. Nisalimie na shangazi Nyamumwi, na mjomba Mafuru akirudi kutoka ziwani.

Sasa kaka Masatu, hapa nasema na wewe unayesoma. Mama hajawahi kusikiliza barua mpaka mwisho bila kukukatiza: rudia hapo, umeruka, huyo mtoto anakula kweli? Kama umefika mstari huu na hakuna aliyekukatiza, achana na mtihani wangu. Nipigie, uniambie barua hii unaisomea chumba gani, na uko na nani.

Mwanao, Mama,
Nyanjura