Mjukuu Wangu Hawekwi Mbele

Jumamosi, 3 Mei

Makubwa! Leo nimevaa gauni la maua na hereni, kumbe nimejipamba bure.

Wanaume watatu sebuleni kwangu. Viatu wamevipanga mlangoni, wanaongea polepole kama watu waliolelewa. Nikasema moyoni, hatimaye, wamekuja kuposa. Mjukuu wangu wa kike anakaribia thelathini, fundi wa lifti pale hospitali, hana baya ila ukaidi. Nikaingia na trei ya chai, natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Wamezunguka meza yangu ya kulia. Na juu ya meza – askari! Vidude vya plastiki, urefu wa kidole gumba, vimepakwa rangi mpaka kwenye kope. Vijumba vya boksi vilivyobomoka. Mmoja ameinama na futi ya kupimia, eti anatazama askari wake anafika wapi. Watu wazima! Mmoja ana kipara!

Nikauliza, mahari ndiyo hii? Kipara akapaliwa na chai.

Kumbe ni timu, na mjukuu wangu ndiye wa nne. Wanacheza vita vya mezani. Kapteni ana duka la dawa. Kipara ni kinyozi – kinyozi asiye na unywele, dunia hii! Wa tatu mwalimu wa hesabu, kalamu haimtoki sikioni. Mwisho wa mwezi wana mashindano, timu kwa timu.

Nimewaambia: mkiikwaruza meza yangu, na mimi nitawakwaruza.

Jumapili, 4 Mei

Nimepiga vumbi mezani. Askari wao wamesambaa ovyo, wengine wamelala chali. Nikawapanga vizuri, warefu nyuma, wafupi mbele, kama picha ya shule. Mjukuu ametoka kuoga, ameona, ameshika kichwa. Vita vilikuwa katikati! Waliviacha hivyo makusudi wavimalizie Jumatano!

Mimi nitajuaje? Vita gani vinaachwa mezani watu wakaenda kulala?

Jumatano, 7 Mei

Nimekaa kwenye kiti changu nikijifanya nafuma. Macho yote mezani.

Mjukuu wangu kapigwa na kinyozi. Kapigwa na kapteni. Kila akipigwa wanampigia makofi! Kapteni anasema, safi sana, umepoteza vizuri. Nikadhani masikio yangu yameziba. Kupoteza vizuri ndiyo nini?

Nikamwita mwalimu anieleze, na asinizungushe. Akasema hivi. Kabla ya mechi kila timu inamtoa mtu mmoja mbele. Wapinzani wanamtazama, wanamchagulia adui anayemuweza kabisa. Huyo wa mbele wanamwita ngao. Hatarajiwi kushinda. Kazi yake apigwe kidogo tu, maana pointi za meza zinagawanywa, na hata aliyeshindwa anarudi na chake. Wenzake nyuma wanapata wapinzani laini, wanashinda.

Na ngao yenu ni nani?

Akaigusa kalamu yake sikioni.

Mjukuu wangu! Yaani wanaume watatu wamejificha nyuma ya mtoto wa binti yangu! Wanamtupa kwa fisi, wao wakale nyama! Na yeye anacheka nao!

Nimefumua mistari yote niliyofuma.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda dukani kwa kapteni. Foleni hadi nje. Nikapita mbele, mzee hapangi foleni.

Nikamwambia, wewe, hodari wa kuuza vidonge. Mjukuu wangu si gunia la kufanyia mazoezi. Kuanzia leo hawekwi mbele. Mweke kinyozi, kichwa chake ni kigumu. Au jiweke wewe mwenyewe, mwanamume mzima!

Wateja wamegeuka wote. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, mwambie bibi, mwambie! Hata hajui ni habari gani.

Kapteni jasho linamtoka. Akasema, bibi, nimekusikia. Naahidi mbele ya watu wote hawa, sitamweka mbele.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama harusi yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Hakula. Mjukuu wangu, anayekula kama wachimba mitaro, hakula.

Nikasema, mama, nani kakuudhi, nimwendee? Akasema, bibi, umeshaenda tayari.

Ameambiwa ngao sasa ni mwalimu. Yeye atakaa nyuma, achezeshwe na wale laini. Nikasema, alhamdulillahi. Akanitazama – sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyembadilisha nepi.

Bibi, niliomba mimi. Nafasi ya ngao niliiomba mwenyewe. Mwaka mzima najifunza hiyo tu.

Uliomba kupigwa?!

Niliomba kusimama. Lifti isipoanguka, bibi, nani anapiga makofi? Hakuna. Watu wanashuka, wanakwenda zao. Mimi napenda hivyo. Na hawa watatu ndio wa kwanza kunipigia makofi kwa kazi hiyo.

Nikatia chumvi kwenye chai. Mimi!

Akaniomba nirudi dukani nimfungue kapteni ahadi yake. Alishamsihi mwenyewe, kakataa. Kasema, nimemwahidi mkubwa wako mbele ya watu, siwezi kuivunja nyuma ya mgongo wake.

Nikasema mimi neno langu silili. Nikatoka mlango wa jikoni. Akanifuata na sauti: asiyekubali kushindwa si mshindani!

Methali nimemfundisha mimi, halafu ananirushia!

Jumatatu, 12 Mei

Mjukuu ananipita mlangoni. Anasema shikamoo, basi. Sebuleni hawaji tena, wanafanyia mazoezi kwa kinyozi. Meza yangu iko wazi, inang'aa. Naichukia.

Jumatano, 14 Mei

Nimekaa mezani nikamwambia, lete hao askari wako. Nionyeshe hiyo kazi yenyewe. Mimi nakushambulia.

Akasita, akaleta. Akanipa jeshi kubwa, lenye mapanga. Yeye akachukua wachache, wazito, wana ngao mpaka magotini. Akachora duara kwa chaki katikati. Akasema, nitoe humo.

Nimemshambulia bila huruma. Nimerusha dadu mpaka kiganja kimewaka moto. Namuua mmoja, anasogeza mwingine kidogo, upana wa kidole kimoja tu, na njia imeziba! Naenda kulia, yupo. Naenda kushoto, yupo. Nimemtukana mara mbili. Yeye ametulia, anapima, anasogeza, ananiambia, bibi umesahau wale wako wa nyuma, hawajatembea. Ananikumbusha! Adui yake!

Mwisho nimeshinda. Nimebakiwa na jeshi zima. Lakini askari wake wawili walikuwa bado ndani ya duara, wamenigeuzia uso.

Sijawahi kushinda nikajisikia nimepigwa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda duka la dawa. Kapteni kaniona, kasimama wima. Watu wengi mno. Nimenunua dawa ya kikohozi. Sikohoi.

Jumamosi, 31 Mei

Naandikia hapa hapa ukumbini, kwenye mashindano, mkono usipopata kazi nitampiga mtu.

Mjukuu hajanialika. Nimekuja na kinyozi, kanipitia mwenyewe. Kasema, bibi, wewe ni mzito kuliko askari wetu wote, ukikaa pale wataogopa.

Meza kila mahali. Watu wazima mamia, kila mmoja na futi yake! Sikujua dunia imeharibika kiasi hiki.

Mechi ya kwanza wamepigwa. Mwalimu aliwekwa mbele, kakutana na mwanamke mmoja mwenye mazimwi mekundu, kafagiwa. Hakurudi na kitu. Amekaa kwenye ngazi, kalamu imemtoka sikioni. Mjukuu wangu kashinda meza yake, kashinda kwa wingi – na uso wake kama mtu aliyefiwa. Wakipoteza ya pili wanafunga virago.

Sasa kapteni amekuja. Amechuchumaa mbele ya kiti changu, watu wanapita wanatutazama. Anasema, bibi, mpinzani anasubiri nitoe jina. Nilikupa neno.

Mjukuu amesimama nyuma yake. Anakwangua rangi kwenye kucha.

Nimesema kwa sauti, wasikie wote, kama nilivyosema dukani: Mweke mbele. Nimekosea mimi. Na usikae sana chini hapo, magoti yako si ya kijana.

Ameruka kama chura! Mjukuu hakunikumbatia. Kanipa mkoba wake nimshikie.

*

Wamemchagulia jitu moja, mikono kama mapaja. Jeshi lake limejaa nusu ya meza.

Kinyozi kashinda. Kapteni kashinda, kidogo. Mwalimu kapoteza tena, maskini. Wote wamehamia nyuma ya mjukuu wangu. Kapteni ananinong'oneza: akibaki na mmoja tu kwenye duara, tumepita. Asipobaki, basi.

Ana mmoja. Mmoja!

Jitu linatikisa dadu. Tano au sita inamuua. Limerusha – imegonga kijumba, imeruka, imeanguka chini ya meza. Mwamuzi anasema walishakubaliana, inavyolala ndivyo inavyosomwa.

Jitu linatafuta upande wake. Mwamuzi anatafuta upande wake. Mimi naiona! Iko kando ya kiatu cha mjukuu wangu, nukta zake sizioni. Na yeye ameiona. Ameinama peke yake chini huko. Kidole kimoja tu, nani atajua? Geuza, mama. Geuza!

Amerudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Analiita lile jitu lije lisome lenyewe.