Ufunguo wa Gari la Mwalimu

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: limo ndani ya jalada; gereji nzima humwita Fundi Mkubwa.
Umri: miaka 51.
Kazi: fundi wa magari.
Makazi: vyumba viwili nyuma ya gereji.

Mimi ndiye niliyeandikisha maelezo hapa jana jioni. Leo nimerudi mwenyewe, hakuna aliyeniita. Yale ya jana yana uongo mmoja, na kwa uongo huo Mwalimu amelala mahabusu. Afande, tafadhali usinikatize, maana ukinikatiza nitapata mwanya wa kuahirisha.

Jana, tarehe 14 mwezi huu, saa tatu asubuhi, Mwalimu alileta gari lake likiwa linachemsha. Anafundisha darasa la kwanza shule ya jirani, ni mteja wetu wa miaka. Nikafungua boneti, nikakuta maji yanavuja kwenye pampu ya maji, na mhimili wake unacheza kama jino bovu. Nikamwambia pampu imekwisha. Akasema, "Fundi, kwako wewe kila siku kuna kitu kimekwisha." Tukacheka. Akaenda zake kazini.

Kwenye gari lile pampu inazungushwa na mkanda wa ndani wenye meno, kwa hiyo lazima uvue mkanda kwanza. Kazi hiyo tunaifanya wawili, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja. Wanamwita Fundi Mdogo ingawa kanipita urefu kwa kichwa kizima.

Sasa hili liandike vizuri. Mafundi wengine huchomoa waya wa betri kabla ya kuingiza mikono. Sisi hatuchomoi. Tangu tufungue gereji, miaka kumi na tisa, ufunguo wa gari tunaufunga kwenye mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na mpira anauvaa mkononi yule mwenye mikono ndani ya injini. Mkipokezana kazi, mnapokezana mpira. Mdogo wangu ndiye aliyebuni. Hakuna aliyewahi kuumia hata ukucha.

Kufikia saa saba na nusu mchana nilikuwa nimefunga pampu mpya na gasketi yake, na mkanda nimeurudisha. Mgongo ulikuwa unaniua. Nikamwita mdogo wangu, "Njoo ukague mkanda, mimi hoi." Akaja akainama. Sikumpa mpira. Sina sababu ya kukupa, nilisahau tu, na yeye hakuudai kwa sababu ni mimi.

Saa nane kasoro dakika kumi mvua ikaanza. Mwalimu alikuwa amesharudi. Madaftari ya watoto yalikuwa kiti cha nyuma na vioo viko wazi. Akaniomba ufunguo apandishe vioo. Nilikuwa naongea na simu. Nikauchomoa ufunguo kwenye mpira nikampa, hata sikugeuka. Vioo vya gari lile ni vya umeme, havipandi mpaka ugeuze ufunguo, na boneti likiwa wazi aliye kwenye usukani haoni mtu aliye mbele. Akaugeuza, ukapitiliza. Stata ikashika, injini ikazunguka.

Mdogo wangu alikuwa anaizungusha injini kwa spana, mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa anapapasa mkanda. Vidole vinne vikaingia kati ya mkanda na gia. Hakupiga kelele. Aliita, "Kaka," mara moja tu, kama anayeomba apewe spana nyingine. Aliyepiga kelele ni Mwalimu.

Hospitali, shemeji yangu, yaani mke wake, alinikamata shati. "Nani alimpa yule mwanamke ufunguo?" Nikasema, "Kauchukua mwenyewe mezani." Lilinitoka tu. Niliyaogopa macho yake, Mungu anisamehe. Mafundi wa jirani walikuwepo, wakasikia, wakamleta Mwalimu hapa. Alisema mbele yako, afande, "Fundi, si ulinipa wewe?" Nikaangalia ukuta.

Leo saa moja asubuhi mdogo wangu ameamka. Vile vidole daktari ameviondoa vyote. Shemeji alikuwa dirishani anakunja khanga. Mdogo wangu akautazama mkono wangu kwa muda mrefu. Mpira ulikuwa bado upo, nimelala nao bila kujua. Akasema, "Kaka, ufunguo ulikuwa mezani, sivyo?" Akajijibu mwenyewe, "Ulikuwa mezani. Sema hivyo hivyo. Gereji haiwezi kukosa mafundi wote wawili." Halafu akaninong'oneza, "Shusha mkono wa shati, shemeji yako asiuone."

Nikaushusha. Nikatoka nje, nikaja moja kwa moja hapa. Yeye hajui kama nimekuja.

Mwalimu hana kosa. Mtoeni, watoto wake wanamsubiri darasani. Mkitaka kuniweka mimi pale alipotoka, niwekeni, sitabisha. Huo ndio ukweli wangu wote, na ya jana yafutwe.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya kwa mkono wangu leo saa tatu na robo asubuhi, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Amekabidhi mpira mmoja mweusi wa tyubu ya baiskeli, umepokelewa kama kielelezo. Hakuuvua mwenyewe, alininyooshea mkono. Nimemvua mimi.