Taa za Mchana, Barabara ya Kabungu

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Nimepenga kamasi, limetoka tope. Ndivyo ilivyo kila jioni. Leo tena Mpanda na kurudi kambini kwa wapasua mbao, na dizeli, na tupa za kunolea misumeno, na sukari ya msimamizi. Malori ya mbao na tumbaku mbele yangu, mengine nyuma. Lori likipita barabara inapotea. Ni kama kuendesha ndani ya gunia la unga. Hujui mbele kuna nini, na aliye mbele hajui kama upo.

Masanja aligongwa hivyo, kwa pikipiki hii hii, kabla sijapewa mimi. Mchana kweupe. Dereva alisema hakumwona, na mimi namwamini. Mguu umekatwa. Jana nilimpelekea uji wodini. Akasema, "Kaka, funga taa, ziwake mchana. Waone kuna mtu." Harufu ya wodi bado iko kwenye shati langu.

Naogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Nilifungua taa mbili kwenye trekta bovu nyuma ya kambi. Lugendo, msimamizi wetu, alikubali kwa kunyanyua nyusi tu, kinywa kimejaa miwa. Nikazifunga mbele ya pikipiki, moja kulia, moja kushoto. Waya nikaupeleka moja kwa moja kwenye betri. Zikawaka nyekundu, kama sigara mbili.

Fundi Ndimbo pale Mpanda alicheka mpaka akaketi chini. Pikipiki hii kuukuu ni ya volti sita, taa za trekta ni za kumi na mbili. "Umemfunga mbuzi jembe la ng'ombe," akasema. Akatafuta balbu za volti sita kwenye mabaki yake. Akaupitisha waya kwenye swichi ya ufunguo, injini ikizimwa nazo zizimike. Akaweka swichi nyingine pembeni. Mchana hizi mbili, usiku ile kubwa ya pikipiki yenyewe. Nikiwasha zote kwa pamoja betri inakufa, nitasukuma. Nimeelewa nusu. Inatosha.

Ijumaa, 8 Agosti

Zinawaka. Kwenye vumbi dereva mmoja alipiga honi kabla hajanifikia. Maana yake aliniona. Leo sikuogopa.

Halafu upuuzi. Pale Misunkumilo akina mama walitua vikapu wakachutama kando ya barabara. Wanaume wakashuka kwenye baiskeli. Nikadhani nyuma yangu kuna mkubwa anakuja. Mzee mmoja akanisimamisha kwa mkono.

"Maiti iko nyuma, mjukuu wangu?"

"Hakuna maiti, babu. Nimewasha kwa ajili ya vumbi."

"Kumbe marehemu ni vumbi."

Wakacheka. Mama mmoja hakucheka. Alitema mate chini, akasema nachezea msiba.

Hata kwetu Newala gari la maiti huwasha taa mchana. Nalijua hilo tangu utoto. Sijui kwa nini sikulifikiria. Lakini sitazizima. Wacheke tu. Mguu ni wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimewasimulia wenzangu wakati wa ugali. Wamecheka wote isipokuwa Lugendo. Aliacha kutafuna. Akauliza, wote walisimama? Nikasema wote. Na yule wa kizuizini? Nikasema yule askari wa misitu anayekagua mbao aliinua mti kabla sijafika, wala hakuuliza nimebeba nini.

Lugendo akarudi kwenye nyama yake. Hula mdomo wazi. Mafuta yalimshuka kidevuni, na macho hayakuwa kwenye nyama. Chakula kikanishinda.

Jumanne, 12 Agosti

Seremala wa kambi anapigilia jeneza. Nikavua kofia, nikauliza nani amefariki. Hakunitazama. Akasema hakuna aliyefariki.

Ni mpango wa Lugendo: kuna mbao za mninga. Hazina kibali. Zitapangwa kwenye lori, juu yake turubai, juu ya turubai jeneza tupu na matawi. Watu wanne watakaa juu na nyuso za msiba. Mbele ya lori niwe mimi, taa zimewaka.

Nilikataa. Lugendo akaniwekea mkono shingoni. Mkono wake una jasho daima, kama samaki. "Mmakonde, taa si ulizitaka mwenyewe? Nizing'oe?"

Nilikiona kisiki cha mguu wa Masanja, kile kitambaa chenye usaha. Nikasema sawa, nitakwenda. Nimeoga mara mbili leo, bado najinukia.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumepita.

Yule wa kizuizini alivua kofia. Kijana mpole, ana ndevu chache. Akashika mti juu kwa mikono miwili mpaka lori likaisha kupita. "Poleni sana ndugu zangu." Nikamjibu tumeshapoa.

Wasukuma waliokuwa wakivusha ng'ombe waliwazuia kwa fimbo, kundi zima, tupite. Mmoja alimpiga dume wake puani ili asitangulie maiti. Kwa ajili ya mbao.

Misunkumilo lori lilichemsha, tukasimama kuongeza maji. Yule mama aliyetema mate siku ile akaja mbio. Akanitambua. Akanishika mkono, akaniomba radhi. Alisema siku ile hakujua kuwa nina mgonjwa, kwamba taa zangu zilikuwa zinatangulia jambo. Nilitamani ardhi inimeze.

Akamuuliza Lugendo ni nani aliyefariki. Lugendo akasema, mama yangu mzazi. Na akalia. Machozi ya kweli kabisa, yakitiririka. Mama yake yuko Sumbawanga, mzima. Juzi tu amemtumia ulezi.

Yule mama akavua kanga aliyojitanda mabegani. Akasema mama wa mtu asisafiri bila nguo ya mwanamke mwenzake. Akawapa walio juu, wakaitandika kwenye jeneza. Akabaki na gauni limechanika kwapani, amesimama juani, mpaka tukaondoka.

Vijana walio juu ya lori walicheka kuanzia pale hadi Mpanda. Mimi nilitapika nyuma ya stesheni.

Ijumaa, 15 Agosti

Lugendo amefungia nyama kwenye ile kanga. Nyama mbichi, damu imeingia kwenye maandishi. Nimeimwaga nyama mezani nikachukua kanga. Akashangaa tu. Akasema wiki ijayo tuna msiba mwingine, safari hii baba. Wakacheka.

Nikaweka ufunguo wa pikipiki mezani. Akasema vizuri, lakini taa zinabaki, na shimo la kupasulia lina nafasi. Kwenye shimo mtu wa chini hula unga wa mbao kutwa nzima. Nikasema nitaula.

Nilikuwa nimepata kitu kimoja katika nchi hii cha kunifanya nisiogope. Wamekinyea.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeifua kanga mara tatu. Damu imetoka, kimebaki kivuli. Nimetembea kwa miguu mpaka Misunkumilo. Kila lori lilipokuja nilishuka mtaroni.

Mama alikuwa anatwanga. Alifurahi kuniona. Akauliza, "Mmeshamsitiri?"

Nikamwambia hakukuwa na mtu, mama. Zilikuwa mbao. Nikamwambia yote, na kwamba mimi ndiye niliyetangulia.

Aliweka mchi chini taratibu. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Nikamnyooshea kanga, akarudisha mikono nyuma.

"Siwezi kujifunika nguo iliyolala juu ya jeneza."

"Lilikuwa tupu, mama."

"Nilipoiweka halikuwa tupu."

Akarudi kutwanga. Nikasimama pale kama mwizi aliyekosa hata wa kumkamata. Kisha nikaondoka na kanga yake kwapani.

Alhamisi, 21 Agosti

Shimoni. Unga unaingia machoni hata ukifunga kitambaa. Mwenzangu wa juu ni mgeni, ametoka Kasulu juzi, anavuta msumeno vizuri, haongei sana.

Saa za mchana akaacha kuvuta. Nikauliza kuna nini. Akasema kuna gari linatoka upande wa Mpanda, limewasha taa. Nilisikia anavua kofia, kwa sababu unga uliokuwa juu yake ulinimwagikia.

Nikamuuliza ni pikipiki iko mbele? Akasema vumbi ni jingi, anaona mianga tu.

Ningeweza kumwambia avute. Sikumwambia. Kutoka chini mimi nisingejua ni mbao au ni mtu. Nikaachia mpini, nikavua kitambaa kichwani, nikasimama mpaka ngurumo ikaisha.

Kisha tukaendelea na gogo.