Kompyuta Zinalima Msaragambo

Mama mpendwa, shikamoo.

Huku Lushoto ukungu unaingia hadi darasani, na jana tulikula mkate na jibini ya shamba la Irente, nikatamani muwe nami. Lakini ngoja nikuambie la leo! Dada Neema, mtafiti, ameunganisha kompyuta yetu ya shule na nyingine nyingi za vyuo vya mbali. Zinagawana kazi moja: kulinganisha vinasaba vya wagonjwa wa selimundu na mafaili yao ya hospitali, ili ijulikane kwa nini mmoja anacheza ilhali mwingine, kama mdogo wangu Shabani, analazwa kila mara.

Katikati ya kazi umeme ukakatika. Nikapiga kelele, "Yote yamepotea!"

"We Zaina, utadhani umevunja chungu cha mamako," rafiki yangu Rukia akanicheka.

"Huu ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wadogo zangu," akasema Dada Neema. "Mmoja akishindwa, kipande chake anakilima mwenzake."

Kweli, umeme uliporudi, kipande chetu kilikuwa kimemalizwa na kompyuta ya Mwanza! Nilirukaruka.

Mama, watafiti wanaomba damu ya watoto wengine wenye selimundu, wasome vinasaba vyao. Nilimuuliza Dada Neema lile unaloliogopa, kwamba watu watajua ni mwanao. Akasema jina huondolewa kwanza, na mzazi ana haki ya kukataa. Dawa hakuniahidi. Ila mimi natamani Shabani awemo. Ukikubali, nitamshika mkono wakati wa sindano; ukikataa, sitanuna.

Mpake mafuta magotini, taratibu, kwa niaba yangu.

Mwanao akupendaye,
Zaina