Mbeleko ya Marehemu Mama

Hamriya, Maskati
14 Machi 2005

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Khole,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri barazani kwako Tanga, goti limetulia, na kikohozi cha shemeji kimekwisha. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Sleiman anakusalimu sana. Watoto nao wanakusalimu, ingawa salamu zao wanazitoa bila kuondoa macho kwenye televisheni. Joto bado halijaanza kutukaanga, na jioni tunafungua madirisha tukapata upepo pamoja na makelele yote ya maduka ya chini.

Dada, umeuliza kwenye simu zaidi ya mara moja kwa nini akika ya mjukuu wako haijafanywa, na kwa nini mpaka leo hana jina. Mwanao Hamdiya alikwambia mumewe Badr amebanwa na kazi. Mimi nikakwambia tunatafuta mbuzi wazuri. Najua hukutuamini, maana hakuna siku uliyowahi kuniamini nikisema mambo kwa haraka. Sasa nitakueleza yote, na barua hii nampa Bi Nunu, anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi, kwa sababu haya si mambo ya kusemwa kwa simu inayokatikakatika. Lakini kabla hujaendelea, shika hili moja: mtoto ni mzima, ananyonya mpaka anakoroma, na Ijumaa iliyopita alimkojolea baba yake kanzu akiwa anatoka kwenda msikitini. Ukishalielewa hilo, soma pole pole.

Lazima nianzie kwenye masomo yangu, hata kama utaguna. Nilipokwambia mwaka juzi kwamba narudi shule uliniuliza mtu mwenye mvi anatafuta nini darasani, na mume anaye na mshahara anao. Sikukujibu vizuri siku ile kwa sababu nilikasirika. Muuguzi wa kawaida, hata awe amekaa wodini miaka yote niliyokaa mimi, humpima mtoto joto, akaandika, akamngoja daktari aje aseme mtoto anaumwa nini. Shahada hii ya uzamili inamfunza muuguzi kumpima mtoto mwenyewe toka utosini hadi unyayoni, kumsikiliza kifua, kumchungulia masikio, kuutambua ugonjwa na kuandika dawa, na makubwa kuyapeleka kwa daktari. Chuo chenyewe kiko Uingereza. Majira ya joto tunakwenda kukaa darasani kule, na miezi mingine tunafanya kazi hapa hapa chini ya daktari wa watoto, huku tukiandika insha na kuzituma.

Hospitalini kwetu tunasoma wawili tu, mimi na Akinyi, Mkenya wa Kisumu, mwanamke wa kanisa na wa kicheko. Kila Jumatano jioni anakuja kwangu tunasoma mezani. Kiingereza chake kinateleza, changu ni cha kusukuma, lakini Kiarabu anakiogopa, kwa hiyo tunakopeshana ndimi. Anayetusimamia ni Daktari Mahfoudh, ambaye wazee wake walitoka Tabora. Ni mkali huyo, lakini ukali wake hauna chuki.

Sasa sikiliza nilivyojiaibisha. Mwanzoni mwa mafunzo haya aliletwa mtoto mchanga kutoka Hamriya hii hii, amekuja na bibi yake kwa sababu ya mafua. Nikamtazama, nikaona uso wa manjano, kifua cha manjano, mpaka tumbo. Nilikuwa nimetoka kusoma sura nzima juu ya watoto wanaogeuka rangi kwa sababu ya damu, na nikaona huu ndio wakati wangu. Nikaagiza damu ipimwe upesi, nikaagiza taa zile za buluu ziwekwe tayari, nikamwita na daktari. Yule bibi alikuwa akinitazama tu. Mwisho akalowesha ncha ya shela yake, akampangusa mjukuu wake kwenye paji la uso, na chini yake ukatokea uso mweupe kama maziwa. Mtoto alikuwa amepakwa manjano na mafuta asubuhi ile, kama tulivyopakwa sisi, na kama nilivyowapaka wangu mwenyewe. Mzungu angekosea hivyo ningemsamehe. Mimi niliyelelewa na manjano hayo nilikuwa nimeyasahau, kwa kuwa nilikuwa nimevaa koti jeupe.

Wodi nzima ilicheka. Akinyi alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile jina langu likawa Bi Manjano. Daktari Mahfoudh hakucheka sana. Aliniambia mambo ambayo sasa nayasema hata usingizini. Kwanza, mtoto wa nyumba zetu muoshe ndipo umtazame, kisha mbonyeze ufizi, kwa kuwa manjano ya jikoni hayafiki kwenye ufizi. Halafu muulize mama kila kitu kilichomgusa mtoto: kapakwa nini, kavishwa nini, kafukizwa nini. Alisema waliotuandikia vitabu hawajui kwetu mtoto hupokewa vipi duniani, na kwamba hiyo ni kazi yetu sisi kuijua.

Nafika sasa kwa mjukuu wako. Siku ya tano baada ya Hamdiya kujifungua nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Ghubra baada ya sala ya alasiri. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, udi unafuka, kahawa na halua zinazunguka. Mtoto amepakwa manjano yake, wanja upo, amelazwa ndani ya ile mbeleko uliyompelekea, ile nyekundu yenye ukingo mweusi ya marehemu mama, tuliyobebewa sote. Hamdiya alikuwa hataki alazwe kwenye kitu kingine. Kila aliyeingia alisimuliwa habari ya mbeleko hiyo, na mimi nilipoiona machozi yalinilengalenga.

Lakini rangi ya mtoto sikuipenda. Na hapa, dada, nitakwambia kweli: nilinyamaza. Nilifikiri nikisema mtoto huyu ana manjano mbele ya wanawake wote wale, kesho habari itafika hospitalini na Bi Manjano atachekwa upya. Nikaendelea kunywa kahawa. Kisha Hamdiya akamtekenya wayo ili anyonye, na mtoto hakufungua hata jicho. Mama yake Badr akasema kwa furaha kwamba huyu ni mtulivu kama baba yake. Niliposikia hivyo niliweka finjani chini.

Niliomba pamba na maji ya vuguvugu. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi, na wenzangu wakatabasamu. Nikampangusa tena na tena mpaka pamba ikawa inatoka nyeupe, na mtoto bado ni wa manjano. Nikambonyeza ufizi, ukawa wa manjano. Nepi yake ilikuwa na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Na nilipomwinua karibu na uso wangu, chini ya harufu ya udi nikasikia harufu nyingine, ile ya sanduku la mama, ya vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Nikamvua mbeleko pale pale, nikamfunga shuka safi, nikamwambia Badr atoe gari.

Mama yake Badr alikasirika. Alisema mtoto wa siku tano hatolewi nje akapigwa jicho, na kwamba jua la asubuhi lingemtosha. Nikamwomba kwa heshima zote anikasirikie kesho, leo aniachie mtoto.

Daktari Mahfoudh alipomwona hakuuliza kama nimemuosha. Kipimo kilionyesha rangi imepanda mno, na kama ingefika ubongoni tungekuwa na msiba, au mtoto asiyesikia wala kukaa. Wakambadilisha damu, wakamlaza chini ya taa amefungwa macho. Majibu ya kipimo alichotolewa siku ya kuzaliwa yalikuwa bado hayajarudi. Yaliporudi yakasema nilichokuwa nimekidhania. Chembe zake za damu hazina kinga fulani ambayo wengine wanayo. Zikikutana na baadhi ya vitu, kama bagila, yale maharage mapana, baadhi ya dawa, au mvuke wa vidonge vile vya nondo, hupasuka, na mtoto hugeuka rangi. Huku Omani jambo hili lipo katika nyumba nyingi. Huwapata zaidi wanaume, na hulipata kwa mama zao, ambao wenyewe hawaumwi chochote. Mkumbuke kaka Thani alivyougua utotoni kila alipokula bagila, tukasema ana tumbo la kifalme.

Ile siku ya kubadilishwa damu, Hamdiya alinivuta pembeni ukumbini. Aliniomba nimtafutie kitambaa ajifunge kifua ili maziwa yakauke. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba maziwa ya wanawake wa kwetu hayafai, kwamba wewe ulimwambia hivyo kabla hajaolewa, na ndiyo sababu yeye na wenzake uliwalea kwa maziwa ya kopo. Alisema anadhani amemuua mwanawe. Dada, hapo ndipo nilipolia, na nilipojua kwamba barua hii lazima niiandike.

Kwa sababu mimi namkumbuka Suud wako. Nilikuwa mtoto, mnaniona sijui kitu, lakini nilikuwa nimekaa kizingitini. Naikumbuka rangi yake. Nakumbuka mama alivyoifungua mbeleko hii hii kutoka sandukuni, na chumba kizima kikanuka vile vidonge, nasi tukaona ni harufu nzuri ya vitu vilivyotunzwa. Nakumbuka alivyolala, halafu asiamke kunyonya, na wiki haikuisha. Na namkumbuka mama mkwe wako, Mungu amrehemu, alivyosimama mbele ya watu akasema maziwa ya Khole ni mabaya. Ukafungwa kifua, na tangu siku hiyo hukumnyonyesha mtoto yeyote. Nilikuwa nakuona ukikoroga maziwa ya kopo umewapa watu mgongo.

Siwezi kukuapia kwamba Suud alikufa kwa hili. Hakuna damu yake ya kupima. Lakini nilimsimulia Daktari Mahfoudh kila ninachokumbuka, akasema hata yeye angefikiri hivyo hivyo. Lile ninaloweza kuliapia, kwa usomi wangu wote na mvi zangu zote, ni hili: maziwa yako hayakuwa na kosa. Hayakuwa na kosa siku ile wala siku yoyote. Hamdiya anamnyonyesha mwanawe kwa maziwa yale yale unayodhani aliyarithi kwako, na mtoto amenenepa mpaka viganja vina mabonde.

Nakujua ulivyo. Sasa utaiweka barua chini useme basi niliyemuua mwanangu ni mimi na mbeleko, na mjukuu nilitaka kumfuatisha. Nakukataza, mimi mdogo wako. Mama aliitunza mbeleko kwa mapenzi, na wewe ukaituma kwa mapenzi, na hakuna aliyekuwa akijua, hata madaktari wa siku zile. Vidonge vilivyobaki sandukuni vitupe mbali. Mbeleko yenyewe nimeifua mara nyingi nikaianika kwenye paa juani, lakini hatumfungi nayo mtoto tena. Hamdiya ameitundika ukutani, maana kuitupa tulishindwa.

Nilikaribia kusahau: nimefaulu. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kueleza mgonjwa mmoja mbele ya walimu, nami nilimweleza huyu, bila kusema ni damu yangu. Mmoja wao aliniuliza nilijuaje kuuliza habari ya nguo, nikamjibu kwamba nilinusa. Akinyi naye amefaulu, na ameahidi kuniita Bi Manjano hata siku ya kuvaa joho. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa na chumba changu cha kuwapimia watoto, na nimeshabandika ukutani karatasi ya Kiarabu na Kiswahili yenye picha ya vidonge vile.

Na sasa lile la jina. Hatukumpa jina kwa sababu Hamdiya hakutaka kulichagua kabla hujayajua haya. Yeye na Badr wanaomba ruhusa yako wamwite Suud. Mama yake Badr alisita mwanzoni, akasema jina hilo halikukaa duniani, lakini siku hizi ndiye anayelitaja zaidi ya wote akidhani hatumsikii. Mbuzi wapo, nafasi yako ya kulala ipo, na Badr anashughulikia viza yako. Akika itakungoja wewe.

Bi Nunu atakuwa amefika kwako kabla ya Ijumaa. Nitapiga simu siku hiyo baada ya sala, na Hamdiya atakuwa karibu yangu na mtoto mapajani. Sitaki unieleze mengi, najua utakuwa umelia. Ukiwa umeridhia, niulize tu Suud hajambo, nami nitakujibu.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaonikumbuka. Mwenyezi Mungu akupe afya na akulete kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Rawya (ndiyo, Bi Manjano)